Aliyemsikia Mama

Nilirudi Kipungani majuzi, baada ya miaka ambayo naona haya kuihesabu. Sikuenda kutembea. Jirani yetu wa zamani alimtuma mjukuu wake anipigie simu huku Amu mjini, akasema bibi yake hawezi na ananitaka kabla hali haijazidi. Nikafunga cherehani, nikamwachia binti yangu ufunguo wa duka, nikapanda boti ya asubuhi.

Wewe uliyekulia mahali padogo utanielewa nikikwambia kwamba niliposhuka pale sikuhisi kitu. Nilidhani nitahisi. Nilisimama ufukweni na viatu mkononi, nikaitazama mikoko, nikayatazama mapaa ya mabati pale ambapo zamani palikuwa na makuti matupu, na moyo wangu ukatulia tu kama maji ya kisimani. Kijana mmoja akaniuliza natafuta nyumba ya nani. Katika kijiji nilichozaliwa, naulizwa natafuta nyumba ya nani.

Acha nikwambie palivyokuwa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na ya jirani ilikuwa mkabala nayo, mlango kwa mlango, hata mtu akikaanga tasi kule sisi huku tulishamjua samaki na kilichomtia ladha. Asubuhi bibi, mama yake mama yangu, alipika mkate wa kumimina juu ya makaa, na harufu ya iliki na nazi ndiyo iliyotuamsha, si adhana. Baada ya hapo alikaa barazani kusuka. Kijiji chetu kiliishi kwa samaki na mikeka. Wanawake walikata majani ya mkoma, wakayaanika, wakayachana yakawa miyaa, kisha wakasuka ukili, yaani utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Bibi alikuwa akisema mikono isiyosuka husuka maneno. Mimi kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kukoroga sufuria ya rangi, na vidole vyangu vilikuwa vya zambarau hata siku ya Idi.

Mikoma ya karibu ilikuwa imekatwa sana, kwa hiyo mama na jirani walivuka upande wa bara kufuata majani. Jirani alikuwa na hori ya mumewe, mtumbwi mdogo, na alijua kupiga kafi kuliko wanaume wengi. Siku ile walivuka alfajiri. Mama alinifunga ushungi, akanipa kaimati mbili za jana nizile njiani kwenda shule, akaniambia nisimsumbue bibi. Sikumtazama. Ningemtazama kwa nini? Alikuwa anakwenda kukata majani.

Wazee walikuwa wameshaona mvua za kila namna, lakini ile haikuwa mvua, ulikuwa upepo. Tulikuwa darasani. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kutoka bara, Mkristo, mgeni kwetu, bado akishangaa punda na bado akiwaogopa kaa. Alikuwa anaandika ubaoni mwanga ulipogeuka ukawa wa kijani, kama uko ndani ya chupa. Kisha bati moja la paa likanyanyuka pembe moja, likapigapiga, likaondoka. Hatukupiga kelele. Tulilitazama likienda. Mwalimu aliweka chaki chini taratibu, akasema, "Shikaneni mikono. Hakuna kuachia." Tukatoka nje kwa mstari, mchanga ukituchoma usoni kama cheche, tukaenda msikitini, kwa sababu katika kijiji kizima nyumba ya mawe ilikuwa ile moja.

Mlangoni akatuingiza mmoja mmoja, mwenyewe akabaki nje. Alivua viatu, akavishika kifuani, asijue afanye nini. Imamu akamwona, akamwambia kwa Kiamu chetu, "Ingia, Mwalimu. Yeo hakuna wa nde." Leo hakuna wa nje. Akajifunika kichwa kwa kanga aliyopewa, akaingia, akakaa nasi pembeni.

Watu walijaa. Bibi yangu aliletwa na vijana wakiwa wamemshika kwapa. Imamu alisoma Yasin kwa sauti, na kila akifika mwisho akaanza tena. Sisi watoto Mwalimu alituambia tuseme jedwali la hesabu, mara mbili, mara tatu, mara nne, na tulisema huku imamu anasoma, na hakuna aliyemkataza mwenzake. Nje upepo ulikuwa na sauti ya boriti inayoburutwa juu ya sakafu isiyokwisha. Ukuta ulitetemeka mgongoni mwangu. Mimi nilikuwa na njaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, na nakwambia kwa sababu wewe hutanicheka. Nilikuwa na kaimati moja mfukoni, imelowa, nikaila kidogo kidogo ili isiishe.

Upepo uliposhuka tulitoka. Kijiji kilikuwa kimevuliwa nguo. Nyumba zilibaki kuta, na nyingine hata kuta hazikubaki. Minazi yote ililala ikielekea upande mmoja, kama watu waliosujudu. Ndiani, kwenye njia palepale tulipozoea kucheza, palikuwa na samaki wadogo wakitapatapa kwenye madimbwi, na hewa ilinuka majani mabichi yaliyovunjwa, harufu nzuri kwa kweli, ya kitu kilichochumwa sasa hivi. Bibi alitafuta birika lake, akalipata chini ya ukuta, limebonyea. Akakusanya vijiti, akahangaika na moto hadi ukashika, akachemsha chai ya rangi. Aliwapa watu wote waliokuwa karibu. Alipomaliza kuwapa ndipo akaniuliza, "Mamako hajavuka?"

Nikasema, "Hajavuka."

Akasema, "Haya." Akanywa chai yake.

Baba alikuwa akifanya kazi ya ujenzi mjini. Alifika siku ya pili kwa miguu, kwa ndia ya ufukweni, macho mekundu kwa mchanga. Hakuingia nyumbani, kwani hapakuwa na nyumba ya kuingia. Alikwenda moja kwa moja mikokoni na wanaume wengine, na huko ndiko walikompata jirani. Alikuwa ameng'ang'ania mizizi ya mkoko, miguu imechanwachanwa na chaza, kafi iko mkononi. Mama hawakumpata. Walimtafuta siku baada ya siku, kila maji yakitoka, hadi wanaume wakaanza kurudi kwenye kazi zao mmoja mmoja, na baba akawa anakwenda peke yake.

Jirani hakusema neno. Alikula akilishwa, alilala akilazwa. Miguu ilipopona akaanza kuja kukaa kwenye baraza letu lililobomoka. Bibi alimpa miyaa, na wakasuka wote wawili bila kutazamana. Mwalimu naye alikuwa akija baada ya masomo, ambayo sasa tulisomea chini ya tanga lililofungwa kwenye kuta za darasa. Wengi walidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alikuja, akakaa, akajifunza kusuka, akasuka vibaya, na bibi akaufumua ukili wake na kuusuka upya bila kumwambia.

Mzozo wa nyumba yetu ulikuwa mmoja tu. Bibi alitaka mama asomewe hitma, kisomo cha marehemu. Baba alikataa. Kila tulipokula alimega kipande cha samaki akakiweka ukingoni mwa sinia, mahali pa mama, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Tukinawa, paka wanakila. Alikonda hadi kikoi kikawa hakikai kiunoni.

Alasiri moja bibi alishindwa kuvumilia. Alimwambia, "Mwanangu hana kaburi. Utamnyima na hitma?"

Baba akasema, "Simsomei mtu aliye hai."

"Yu wapi basi huyo aliye hai?"

"Huko alikopelekwa na maji. Watu hupatikana. Huyu si alipatikana?" Akamwonyesha jirani kwa kidole.

Jirani aliweka ukili chini. Nilikuwa nimeketi karibu naye nikichambua choroko za msaada, na nilisikia pumzi yake ikipanda kabla ya sauti. Ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake tangu siku ile, na ilikuwa imekwaruza kama ya mwanamume.

"Alitoa shahada," akasema. "Nalimsikia. Aliitoa yote, kisha akenda."

Baba alikishusha kidole. Akainuka, akashuka hadi majini, tukamwona ameinama anaosha uso, anaosha tena. Aliporudi alimwambia bibi, "Waambieni watu. Kesho." Usiku huo alikula, na ukingoni mwa sinia hakuweka kitu.

Hitma ilisomwa msikitini kwa mchele wa msaada, mchele usionukia, na mbuzi aliyetolewa na imamu. Mwalimu alikaa uani na wanawake akamenya vitunguu. Nikwambie kweli, siku ile nilifurahi. Palikuwa na nyama, na watu wazima walikuwa wanazungumza tena.

Tangu hapo ile shahada ikawa mali ya nyumba yetu. Bibi aliwaambia wageni, kabla hawajaketi vizuri, kwamba binti yake aliondoka na kalima mdomoni. Alikufa akiisema hiyo habari, ametulia. Baba alioa tena, akahamia Faza, akazaa watoto wengine, na alipokuwa anakata roho aliniambia nisihofu, atamkuta mama mahali pema, yuko shahidi wa hilo. Mimi nimewasimulia wanangu. Binti yangu huisimulia vizuri kunizidi, akafunga na macho.

Sasa nikurudishe kwa jirani. Nilimkuta amelazwa chumba cha mbele, mdogo sana kitandani, amegeuzwa upande wa mlango. Mjukuu akatuletea uji, akatoka. Nilianza kumnywesha kwa kijiko. Baada ya vijiko vichache akaushika mkono wangu.

"Ndoo karibu," akasema. Nikasogea. "Mamako sikumsikia."

Nikamwambia, "Bibi, kunywa uji."

"Sikumsikia kitu. Upepo ule, hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Hori ilipinduka. Nalimuona mgongo tu. Alikuwa ameukumbatia mzigo wa majani, labda alidhani utaelea naye. Nikamwita. Hakugeuka. Kisha sikumuona."

Nikauliza, "Na ile shahada?"

"Babako alikuwa hali chakula. Bibi yako alikuwa halali usiku. Nyumba yenu ilikuwa yafa hivi naiona, na mimi ndiye niliyerudi." Akapumzika. "Huenda aliitoa. Mngu ndiye ajuaye. Lakini mimi sikumsikia. Niwie radhi."

Nilingoja kitu kinipande kifuani, hasira au kilio, nikakipisha kabisa kipite. Hakikupanda. Niliona tu ule mgongo. Nilikuwa sijawahi kuwa na picha yoyote ya mama siku ile baada ya kunifunga ushungi, na sasa ninayo, amenipa mgongo, amekumbatia majani.

"Nimekuwia radhi, bibi," nikasema. Nikachukua kijiko. Akanywa uji wote.

Alifariki kabla ya Ijumaa iliyofuata, nikarudi tena kwa maziko. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani. Nilikaa nikitazama huku na huku. Baraza letu halipo, kiwanja kimejengwa chumba cha mtu. Mikeka tuliyokalia ilikuwa ya plastiki, imenunuliwa dukani, ina picha za tausi. Wasukaji wapo bado, lakini wachache, na mmoja wao aliniambia kwamba vijana hawataki tena kuvuka kufuata miyaa. Imamu yule hayupo, Mwalimu alizeeka akarudi bara akafia kwao. Upepo ule sasa unajulikana na watu wa kuhesabika, na wengi wetu tulikuwa watoto tuliokaa ndani ya msikiti tukisema mara mbili, mara tatu. Hatukuuona. Aliyeuona ndiye huyo aliyebebwa makaburini.

Mwanamke mmoja kijana, mke wa mjukuu, alikuja akaketi karibu yangu. Akanipa pole. Kisha akaniuliza kwa adabu, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Mama, ni kweli marehemu ndiye aliyemsikia mamako akitoa shahada?"

"Ndiye," nikasema.

Akasema alhamdulillahi, akajifuta macho. Tukainuka tukaingia jikoni, maana wanaume walikuwa wanarudi, na wali ulikuwa haujapakuliwa.