Mahame ya Wazungu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "hapa hapana kitu," damu inanichemka. Ngoja nieleze.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa nakaa Silver Spring, Marekani, na kazi yangu ilikuwa kutazama mashamba ya Uingereza. Ndiyo, Uingereza, na mimi niko Maryland, na kwetu ni Singida. Halmashauri moja ya Uingereza ilikuwa na picha chungu nzima zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na kazi ya kuzisoma ikaja ofisini kwetu. Tulizikagua moja moja kwenye kompyuta, tukitafuta mahali walipoishi Wasaksoni, yaani Waingereza wa kale kabisa, na watu wa zama za kati waliowafuata. Ukiona alama shambani unaizungushia mstari mwekundu, kisha unajaza fomu: ni nini, umejuaje, na una uhakika kiasi gani. Uhakika ulikuwa na ngazi tatu: huenda, yumkini, hakika. Kuanzia yumkini kwenda juu, wataalamu wa kule walichimba kwanza kabla mtu hajajenga. Chini ya hapo walipita tu.

Siku moja ikaja picha ya shamba la shayiri, iliyopigwa mwaka wa ukame. Barua yake ilisema barabara mpya itapita hapo, kwa hiyo wanataka jibu Ijumaa. Nikaikuza. Jamani! Palikuwa na baka la duara, shayiri yake imeshiba mpaka imekuwa nyeusi pichani. Kando yake baka la mstatili, shayiri imedumaa na kupauka. Sikuhitaji hata kukuna kichwa. Kwetu zizi likihamishwa, pale lilipokuwa mtama huota kwa kiburi miaka na miaka kwa sababu ya samadi. Na palipokuwa na nyumba, ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya watu haitaki mbegu. Hapa walilala ng'ombe, hapa walilala watu. Makazi yaliyoachwa namna hiyo tunayaita mahame, na hayo yalikuwa mahame, hata kama ni ya Wazungu.

Nikachora. Kwenye ngazi nikaandika yumkini. Ila kwenye "umejuaje" nikajiponza kwa ukweli wangu: nikaandika kwamba kwetu Singida mimea huota hivyo juu ya zizi la zamani na nyumba iliyohamwa.

Kaka mmoja wa Nyeri tuliyepakana naye meza akachungulia, akashika kichwa. "Aki dada, wewe nawe! Si ungetaja tu kitabu chochote, hata kama hujakisoma? Hawa watakumaliza."

"Kitabu cha nini, na zizi ninaliona kwa macho?"

"Haya. Usiseme sikukuambia."

Alhamisi orodha ikachapishwa tayari kupelekwa. Natafuta shamba langu, nakuta mstari mwekundu umefutwa na mbele yake pameandikwa: tofauti ya udongo, hapana kitu. Hata kuniambia hawakuniambia! Nikaichukua karatasi mpaka kwa bosi. Alikuwa Mmarekani wa tabasamu, mwenye shahada ya historia na viganja ambavyo havijawahi kuonana na jembe.

"Nimefuta mimi," akasema, wala hakuona haya. "Sababu yako si ya kitaalamu. Hapa tunazungumzia Wasaksoni, si Afrika."

"Kwani ng'ombe wa Wasaksoni walikuwa hawanyi?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaanza kunisomea habari za taratibu na marejeo. Nikamwambia basi airudishe yumkini yangu, wale wa kule wakapige japo shimo moja, wajionee. Akatikisa kichwa. Kule kuna maprofesa, akasema, wakiona tumetaja Singida watasema hatujui kazi. Kumbe ndiyo hiyo! Watu waliishi pale, wakafuga, wakazaa, na barabara ilale juu yao kwa sababu bwana mmoja anaogopa kuchekwa. Ijumaa orodha ikaenda vilevile.

Nilimpigia mama Jumapili kwa kadi ya simu, nikamweleza yote. "Hao Wazungu hawana wazee wa kuwauliza?" akauliza. Nikamwambia wazee wenyewe wamekufa zaidi ya miaka elfu iliyopita.

"Hata kwetu walisema hivyohivyo," akasema. "Walipokuja kupima barabara, bwana ardhi alisimama juu ya mahame ya babu yako, kiatu chake kipo palepale lilipokuwa jiko la bibi yako, akasema hili ni pori tupu. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Yeye alikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na nini?"

Nilikasirika upya, safari hii kwa ajili ya sehemu mbili kwa mpigo, na Jumatatu nikaenda kazini bila kumsalimia bosi.

Miezi ikapita, ukaja mzigo mwingine wa picha kutoka halmashauri ileile. Ya tano nikaitambua kabla sijaikuza. Tingatinga lilikuwa limekwangua udongo wa juu ili barabara ianze, na rubani alipita siku hiyohiyo. Jamani, kila kitu kilikuwa wazi! Mtaro wa zizi umezunguka, na nyumba ina madoa ya nguzo zake yamejipanga safu mbili. Lakini safu moja iliishia katikati, kwa sababu tingatinga lilikuwa limesimama juu ya nusu ya nyumba, na nusu hiyo ilikuwa imerundikwa pembeni kama kifusi chochote. Na picha yenyewe ilikuwa ya wiki sita nyuma. Nusu iliyobaki nayo ilikuwa imeshakwenda.

Kaka wa Nyeri alikuja, akatazama, akasema "woi" tu, akarudi mezani kwake. Bosi naye akaja. Aliinama mbele ya kioo cha kompyuta muda mrefu. Nilingoja neno moja la pole. Akanyooka, akanigonga begani kwa upole.

"Kazi nzuri," akasema. "Hii iandike hakika."

Nikasimama, nikamsogezea kiti.

"Mimi nilishaandika ilipokuwa bado ipo," nikamwambia. "Wewe uliyefuta, kaa uandike."