Jani Katika Mfuko wa Shati

Fundi Saa hakuwa mtu wa maua. Kwa miaka thelathini na mbili alikaa kwenye kibanda chake cha vioo, lenzi jichoni, akifufua saa za watu, na uani kwake alipanda nyanya na mchicha kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Kisha jirani wa upande wa mashariki akaanza kujenga. Ghorofa ya kwanza Fundi alinung'unika, ya pili akaenda kulalamika, ya tatu akanyamaza, na ya nne ilipoezekwa, jua likawa linapita uani kwake robo saa tu kila adhuhuri, kama mgeni mwenye haraka. Nyanya zilirefuka bila kuzaa, zikalala chini. Fundi akazing'oa, akaapa hatapanda kitu tena maishani mwake.

Aliyemvunjisha kiapo hicho ni Mkunga. Mama huyu alikuwa ameshastaafu kazi ya kuzalisha, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na hakuwa na desturi ya kungoja kukaribishwa mara mbili. Alileta saa yake ya ukutani itengenezwe, akachungulia uani, akamkuta Fundi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, analikodolea macho lile jengo kana kwamba litaona haya lishuke. Hakumpa pole. Kesho yake alirudi na chungu cha kangaga, majani yake laini yamejikunja nchani, akamwambia kwamba iko mimea inayolikimbia jua kama paka anavyokimbia maji, na kwamba watu wangelipa kupata kivuli kama alichopewa yeye bure. Fundi alipokea kwa shingo upande. Baada ya mwezi kangaga lilikuwa limejaa chungu, na Fundi alikuwa anaamka mapema kulitazama.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika kundi la watu watatu, yeye akawa wa nne, waliokuwa wakikutana kila Jumamosi ya pili, alasiri, leo uani kwa huyu, safari ijayo kwa yule. Alikuwepo Mkunga mwenyewe, alikuwepo Mpishi, mwanamke mwembamba aliyepikia shule nzima na kula kama ndege, na Dereva, mstaafu wa malori ya masafa marefu, ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia kila mlangoni. Walikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kuondoka mikono mitupu: mwenye uwanja atachukua kisu, atagawa shina au kukata kipandikizi, na mgeni ataondoka nacho kimefungwa kwenye gazeti bichi. Ya pili, mmea unaitwa kwa jina la aliyekupa. Majina ya vitabuni hawakuyajua wala hawakuyatafuta. Walikata vibao kwenye ndoo kuukuu za plastiki, wakaandika jina la mtoaji kwa kalamu ya wino mzito, wakachomeka udongoni.

Kwa hiyo kwa Fundi, Dereva alikuwa na madoadoa meupe, Mpishi alitambaa ukutani, na Mkunga walikuwa kumi na mmoja. Mtu asiyejua mambo yao angeweza kuita polisi, siku ile aliposikika akimwambia mkewe kwamba Mpishi ameoza mguu, hana budi kukatwa.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Mkunga moyo alikuwa nao wa kugawia mtaa. Ukisifu chungu chake, umekwisha kukipata. Lakini ulikuwepo mmea mmoja ambao kisu chake hakikuugusa. Ulikaa kwenye pembe ya ukuta chini ya dirisha la jikoni: majani mapana yaliyopinda upande mmoja, juu yana rangi ya fedha, chini mekundu kama damu. Bintiye, mtoto wake wa pekee, aliuleta nyumbani akiwa msichana, umepandwa ndani ya mkebe. Bintiye akafariki akiwa na miaka ishirini na sita. Kibao chake kiliandikwa Binti. Wenzake walijua, na hakuna aliyewahi kuuomba.

Miaka mitatu iliyopita Mkunga alikwenda kutibiwa macho, akakaa hospitali siku nne, akamwachia Fundi ufunguo. Siku ya tatu Fundi alikuwa akimwagilia, mdomo wa kopo ukagonga ukingo wa Binti, jani moja likakatika. Dogo tu, la pembeni. Angeliacha pale pale juu ya udongo akasema, "Dada, nimekuvunjia jani," yangekwisha. Kuvunja si kosa kubwa, kila mtu huvunja. Kosa la Fundi lilikuwa mfuko wa shati. Alilitia mfukoni ili aende akafikirie jinsi ya kusema, na mtu akianza kufikiria jinsi ya kusema, ujue hatasema.

Nyumbani, mikono yake ikamponza. Fundi saa hawezi kutupa kitu kinachoweza kutengenezwa. Alilikata lile jani mishipa upande wa chini, akalilaza juu ya mchanga mbichi, akalifunika kwa kioo cha saa ya ukutani. Wiki ya sita pakatokea vijani viwili kama kucha za mtoto. Wakati huo Mkunga alikuwa amesharudi, ameshahesabu vyungu vyake, ameshamshukuru Fundi mbele ya wote kwa uaminifu wake. Basi. Angesemaje tena?

Mmea ule ulikaa bafuni, kwenye dirisha dogo, na kwa mvuke wa maji ya kuoga ukanawiri kwa jeuri. Ulikuwa mmea pekee kwa Fundi usio na kibao. Hakuweza kuandika Mkunga, kwa kuwa Mkunga hakumpa. Kuandika jina jingine ilikuwa kuongeza uongo juu ya uongo. Kila zamu yake ya kukaribisha wenzake ilipofika, alifunga bafu na kusema limeziba. Safari moja Dereva, mtu mwenye huruma kupita kiasi, akasema hilo si neno, akaenda kwake kuleta waya wa kuzibulia. Mke wa Fundi ilibidi akimbie na chungu kupitia chumbani, akakilaza kitandani na kukifunika shuka, huku Dereva akizibua kwa bidii bomba lililokuwa zima kabisa. Jioni ile mkewe alilifua lile shuka kwa hasira.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka Mkunga aliposafiri kwenda kumwona dada yake aliyevunjika nyonga. Aliondoka ghafla, wiki nzima, na njiani aliwapigia simu wenzake mmoja mmoja: "Nitazamie Binti." Hakumwambia yeyote kwamba amemwambia na mwingine. Basi Mpishi akapita alfajiri kabla ya kwenda shule, akamwagilia. Dereva akapita saa nne, akamwagilia. Fundi akapita jioni, akaona udongo umelowa, akajiambia umande, akamwagilia. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na hawa watatu walikizamisha kabisa. Mkunga aliporudi aliukuta mmea umelala. Alipoushika shina, lilimbakia mkononi, limeoza, linanuka.

Walikuja wote watatu kuomba radhi, kila mmoja akidai maji yake ndiyo yaliyoua. Mkunga hakumfokea mtu. Aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba wamefanya kwa mapenzi, na yeye ndiye aliyeomba. Jumamosi iliyofuata hakutokea. Iliyofuata tena ilikuwa zamu ya uwanja wake, nao wakakuta mlango umefungwa. Mpishi alikwenda kumjulia hali katikati ya wiki, akarudi na habari kwamba Mkunga anatoa vyungu vyake getini kidogo kidogo, apitaye achukue, kwa sababu anasema hana tena haja ya uwanja.

Usiku huo Fundi hakula. Mkewe aliondoa sahani, akarudi, akaketi mbele yake.

"Baba," akamwambia, "ungekuwa na picha ya mtoto wa mtu aliyefiwa, naye anayo moja tu, ikaungua, wewe ungeendelea kuificha ya kwako?"

Fundi akajibu kwamba tatizo si kutoa. Kutoa angetoa hata saa hiyo. Tatizo ni kwamba akiutoa, ataulizwa ulikotoka. Miaka mitatu alikuwa akila kwenye meza ya yule mama, na akimwita Dada. Angemwonaje? Kumpoteza Mkunga aliona ni kama kurudishiwa lile ghorofa upya. Mkewe akasema kwamba Mkunga yuko njiani kupotea hivyo hivyo, yeye aseme asiseme, ila akisema angalau mtu mmoja atapata kitu. Kisha akaenda kulala, akamwacha na taa.

Asubuhi Fundi alikibeba chungu kimefunikwa kitambaa, akapita barabarani kama mtu aliyebeba mayai. Getini kwa Mkunga palikuwa na vyungu tisa vimepangwa, na kati ya vibao alisoma jina lake mwenyewe mara nne. Mkunga alikuwa jikoni, anachambua mchele. Fundi akaweka chungu mezani, akaondoa kitambaa, akabaki amesimama kwa sababu hakujua kama bado ana ruhusa ya kuketi.

Mkunga akausogeza mmea karibu. Akainua jani moja kwa kidole, akaona wekundu wa chini.

"Umeutoa wapi?"

"Kwako, Dada. Ulipokwenda kutibiwa macho. Nilivunja jani nikalitia mfukoni, nikaona haya kukwambia. Nikazidi kuona haya."

Mkunga akarudisha macho kwenye mchele, akatoa kijiwe kimoja, akakiweka kando. Aliuliza yeye mwenyewe amekwenda nyumbani kwa Fundi mara ngapi tangu siku hizo. Fundi akasema hazipungui ishirini.

"Na siku zote hizo mmea ulikuwepo?"

"Ulikuwa bafuni. Isipokuwa siku moja Dereva alipokuja kuzibua, siku hiyo ulikuwa kitandani kwetu."

Mabega ya Mkunga yakaanza kutikisika. Fundi alidhani analia, akasogea, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka kweli, akalia waziwazi kama hakuwahi kulia mbele ya mtu. Fundi akaketi sasa bila kuuliza, akalia naye kidogo, maana alikuwa ameyabeba kwa miaka mitatu.

Mkunga alipojifuta uso, alisema, "Nimewaambia wazazi maelfu, mficha uchi hazai. Halafu mimi mwenyewe nikamficha huyu. Kila nikishika kisu nilikuwa naona namkata mwanangu. Bila mkono wako mwepesi ningekuwa sina kitu leo. Ila umekosa, Fundi. Ungeniambia. Ningekuja kuutazama."

"Nimekosa, Dada."

Hapo akainuka, akachukua kisu chake kwenye droo. Alikung'uta udongo, akatafuta mahali shina linapogawanyika, akakata bila kusita. Nusu moja aliipanda kwenye chungu cha Binti kilichokuwa kitupu, nusu ya pili akairudisha katika kile cha Fundi, akamsogezea. Akamtuma avirudishe ndani vyungu vya getini kabla jua halijavifikia. Fundi aliporudi na cha tisa, alikuta mezani vibao viwili vitupu na kalamu.

"Macho yangu si mazuri," Mkunga akasema. "Andika wewe. Hicho chako andika Mkunga. Sasa nimekupa."

Fundi akaandika. Akachukua kibao cha pili, akaandika herufi ya kwanza ya Binti, na Mkunga akamshika mkono.

"Sheria ni sheria. Binti alinipa ule wa kwanza, na ule umekufa. Huu nani kanipa?"

Fundi akageuza kibao upande wa pili. Mkono uliotia springi za saa, nyembamba kama nywele, mahali pake kwa miaka zaidi ya thelathini ukaandika jina lake mwenyewe, nalo likatoka limepinda kama la mtoto wa darasa la kwanza. Mkunga akakipokea kibao, akakichomeka udongoni yeye mwenyewe.