Gauni la Msiba Kwenye Kamera

"Tangu tumzike kaka yangu, huyu mwanamke ameshaolewa mara arobaini," Ng'washi alisema, simu ameiinua juu utadhani anataka na kuku waone. "Kila usiku harusi. Gauni jeupe pee, macho yanawaka kama taa za lori. Mtaa mzima wa Mkolani umeshachanga, sisi wafiwa tu ndio hatukupewa kadi."

Kokulinda alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Ungekuwa wewe ungeruka. Yeye maneno yalimfikia kama redio ya jirani: unasikia inaongea, hujui inaongea na nani.

Hao ni mtu na wifi yake. Ng'washi ni dada mkubwa wa marehemu Alexander, mume wa Kokulinda. Alifika asubuhi akitokea Magu, na pembeni yake alisimama mdogo wao Malimi, dereva wa bodaboda pale Nyegezi, ndani ya koti lake jeusi la poliesta ambalo havui hata jua la saa sita likimpikia kichwa. Walikuja na neno moja. Mjane akivua nguo za msiba kabla ukoo haujamvua, amemtukana marehemu, na aliyemtukana marehemu hakai kwenye nyumba yake. Kesho wazee wanakaa. Wakikubali, Kokulinda anarudishwa kwao Muleba na mabegi yake.

Ushahidi ni kamera. Alexander alikuwa fundi wa friji kule Nyakato, mtu wa kupenda vifaa. Wezi waliiba taa yake ya ulinzi, akaweka nyingine. Wakaiba na hiyo, safari hii wakaondoka na waya. Ndipo akanunua kamera ya infraredi, ile inayoona gizani. Haihitaji taa. Inamulika kwa miale ambayo jicho la mtu haliioni, na picha zinaingia kwenye simu. "Sasa waje waibe giza," alisema, akacheka peke yake wiki nzima.

Ila kamera nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Buibui waliipenda, na vijidudu vya ziwani vilijaa kwenye utando wao. Utando ukikaa mbele ya kioo, miale inarudi palepale na picha yote inakuwa ukungu. Kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala Alexander alitoka na ufagio mrefu aliofunga kitambaa kwenye ncha, akaipangusa uso kama mtoto wa makamasi. Kisha presha ikamwangusha dukani kwake, ikawa basi.

Watu walilia, wakala, wakaondoka. Malimi akachukua simu ya marehemu, hii hii aliyoiinua Ng'washi, eti kwa usalama. Kokulinda akaitoa. Wangemwomba mlango angewapa pia. Tangu siku ile alikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino, halafu daktari akasahau kumwita tena. Alilala na gauni lake la msiba, lile la poliesta, kwa sababu kuvua ni kazi na kuvaa ni kazi nyingine.

"Wifi, naongea na wewe."

"Nakusikia, wifi."

"Hili gauni jeupe umelificha wapi?"

"Sina."

"Na huyu ni nani, mama yangu mzazi?"

Kwenye simu mwanamke mwenye gauni jeupe alikuwa anatembea uani na fimbo ndefu, macho yanang'aa.

"Labda anawinda senene wa kula, dada," Malimi akasema. "Wahaya hawa, senene wao huwakamata usiku..."

"Nyamaza. Utani wako wapelekee wazee kesho."

Ng'washi akasukuma picha kwa kidole atafute nyingine, maana hiyo ya kwanza haikumshtua mtu. Kidole chake kimezoea jembe kuliko simu, kikaruka mbali. Ikaja ya Jumapili usiku. Geti linafunguka, anaingia mwanaume.

"Bwana harusi huyo," akasema taratibu, kama aliyeshinda kesi. "Koti jeupe kama padri wa Pasaka. Tena anajua mpaka ngazi inakokaa."

Mwanaume akabeba ngazi, akageuka. Alikuwa Malimi.

Jumapili ile giza limeshaingia, Malimi alikuja kuazima ngazi, na aliyemtuma ni dada yake huyuhuyu. Ng'washi akamtazama kwenye simu, akamtazama pale aliposimama. Akaushika mkono wa koti, akaugeuza ndani nje kama anayenunua mtumba.

"Una koti lingine?"

"Nilitoe wapi, dada? Ni hili."

"Mbona jeupe?"

"Si jeupe, ni jeusi. Ni..." Malimi akalitazama koti lake mwenyewe.

Gizani kamera ile haijui rangi. Poliesta nyeusi inairudishia miale yake, yenyewe inaona weupe, na macho ya mtu nayo yanairudisha yakawaka. Alexander aliwaeleza siku ile anaifunga, ila wao walikuwa wanasubiri chakula.

"Na fimbo?" Ng'washi akauliza, sauti imeshapungua.

"Ni ufagio," Kokulinda akasema. "Napangusa buibui. Yeye alikuwa anapangusa."

Akangoja ile raha ya mtu aliyesafishwa jina. Haikuja. Akaona jiwe dogo kwenye mchele, akalitoa.

Ng'washi akakaa chini, kwenye kizingiti, magoti yao karibu yagusane. "Basi kesho hakuna kikao. Nitawaambia wazee nilikosea, wanicheke. Ila nijibu kitu kimoja, wifi. Mimi nimelia mpaka sauti imekatika. Wewe hujalia. Hata pale kaburini hukulia. Kaka yangu alikukosea nini?"

Kokulinda akaweka ungo chini. Akainuka, akakung'uta pumba kwenye gauni, akachukua ndoo na kwenda getini, anafuata maji. Malimi akasogea kumpisha.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Ng'washi, imeshajirudisha kwenye picha ya papo hapo. Akamwona humo anapita, mgongo tu na ndoo, gauni jeusi kabisa, maana ilikuwa mchana.