Nafasi ya Tano Alipewa Mgeni

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka nilikuwa nafua. Mama alikuja mbio uani na simu mkononi, akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nilikuwa nimefaulu. Pointi zangu zilikuwa za katikati kabisa, zile ambazo hakuna anayekulaumu kwazo wala hakuna anayekusifu. Nikasuuza shati, nikalikamua, nikalianika. Sikuhisi kitu. Watu hawaniamini nikisema hivyo, wanadhani najifanya mgumu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilikuwa ya mama, mimi nilikuwa na sabuni mikononi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Cibitoke, na bado tunakaa hapo. Baba anafundisha shule ya msingi kule Kinama, anaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mama anauza vitenge sokoni. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wa kwanza nyumbani kwetu kufikia kuchagua chuo, kwa hiyo hakuna aliyejua kazi hiyo inafanywaje na kila mtu alikuwa na uhakika kwamba anajua.

Yenyewe si ngumu. Unaandika fakilte tano, yaani masomo ya chuo unayoyataka, kwa mpangilio, kuanzia ile unayoitaka zaidi. Wao wanatazama pointi zako. Zikiwa kubwa unapewa ya kwanza. Zikiwa za katikati wanashuka nawe, ya pili, ya tatu, mpaka wafike penye nafasi yako. Wasipokupatia nafasi katika zote tano, wanakuweka palipobaki, na palipobaki ni pale ambapo wenzako wote wamepakimbia.

Haya yote nilielezwa na dada mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa anachambua maharagwe mlangoni kwao, akanionyesha kwa kidole nikae.

“Sikia,” alisema. “Pointi zako si mbaya, lakini na wewe usijidanganye. Ya kwanza weka ndoto, kuota hakulipiwi. Ya pili na ya tatu weka zinazokulingana. Ya ine na ya tano weka zile zenye hawawezi kukukataa ata wakilewa. Ukijaza za juu tupu, utaanguka mpaka chini na hakuna kitu ya kushika.”

Nikafanya hivyohivyo. Ya kwanza niliweka sheria, maana kila mtu anaota. Ya pili uchumi. Ya tatu nikaweka chuo cha walimu, na ya nne na ya tano vitu vya kuniokoa nikikosa. Lakini nilichokitaka hasa ni hiyo ya tatu. Nilipokuwa mdogo, mama akiwa sokoni, baba alikuwa ananikalisha nyuma ya darasa lake. Siku moja nikamwona mtoto aliyeshindwa kusoma asubuhi nzima akasoma neno moja mchana, na baba akageukia ubao haraka, wasimwone anavyotabasamu. Mimi nilimwona. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukitazama katika maisha yangu nikasema, na mimi nataka hiki.

Nilimpa baba karatasi. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

“Iko sawa,” alisema. Nikadhani mambo yamekwisha.

Wapi! Kwetu jambo la mtoto likiwa kubwa linafanyiwa kikao, kama harusi. Anapatikana prezida wa kukiongoza, anapatikana wa kuandika, wanaalikwa wa upande wa baba na wa upande wa mama, soda zinawekwa kwenye beseni la maji. Jumapili baada ya misa wakaja. Prezida alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba, mtu wa ofisini anayekaa Kibenga karibu na ziwa, na gari lake lilijaza kijia chetu chote. Alikuja na rafiki yake wa kazini. Huyo hatukumjua. Alikuwa anasindikizwa tu mahali, wakapitia kwetu. Alipewa kiti chenye mto.

Mimi ndiye niliyepewa kalamu. Baba mkubwa akasafisha koo.

“Bon. Mutoto amefaulu, Mungu asifiwe. Sasa tupange. Nafasi ziko tano. Kila upande upate yake, kusikuwe mutu wa kusema walimusahau.”

Nikafungua mdomo niseme kwamba nina orodha yangu tayari. Mama akanikanyaga kidole cha mguu. Nikaufunga.

Baba mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichukua nafasi ya kwanza. Akasema udaktari. Shangazi akachukua ya pili, akasema sheria, kwa sababu kesi ya shamba la ukoo imemchosha. “Tuko na walevi wa kutosha mu familia,” alisema, “sasa tutafute wakili.” Wakacheka. Mjomba, kaka wa mama, anauza saruji na misumari. Alisema uhandisi wa majengo, na hakuna aliyeshangaa. Mama alipoulizwa akasema yeye anafuata wakubwa, wakamsihi, akakataa, wakamsihi tena, ndipo akasema uchumi, kwa sauti ndogo, akiangalia beseni la soda.

Hakuna aliyeuliza pointi. Kumwuliza pointi mtoto aliyefaulu, mbele ya watu, ni kama kumwuliza mgeni bei ya nguo aliyovaa. Nilikuwa naandika tu. Udaktari. Sheria. Uhandisi. Uchumi. Nilijua kabisa kwamba ya kwanza na ya tatu sizifikii hata kwa ngazi, na zile mbili nyingine ni bahati nasibu. Nilijua, na moyo wangu ulikuwa kimya kabisa. Nilijiambia, bado ya tano. Ya tano ni ya baba. Na baba amesoma karatasi yangu, akasema iko sawa.

“Haya, mwenye nyumba,” baba mkubwa akasema. “Wewe umebaki.”

Baba akasimama. Anaposema mbele ya watu husimama, ni mazoea ya darasani.

“Mi sina neno kubwa,” alisema. “Tuko na mugeni hapa, amefika kwetu mara ya kwanza. Haitakuwa muzuri atoke mikono mitupu. Nafasi yangu apewe mugeni.”

Wakapiga makofi! Shangazi akasema, huyo ndiye kaka yangu. Mgeni alikuwa na mshikaki mkononi, akauweka kwenye sahani, akajipangusa vidole, akaona haya kwelikweli.

“Eh, mumeniheshimu sana,” alisema. “Basi... weka famasia. Siku hizi dawa zimekuwa shida.”

Nikaandika famasia.

Nilimtazama baba. Alikuwa amekwisha kukaa, anamfungulia mgeni chupa nyingine. Baba mkubwa akaichukua karatasi, akaisoma kwa sauti toka juu mpaka chini, akaridhika. “Sasa imekaa vizuri,” alisema. “Upande wa baba, upande wa mama, ata mugeni.” Na kwa hesabu hiyo, kweli, ilikuwa imekaa vizuri. Haikuegemea upande wowote isipokuwa juu.

Jumatatu nilikwenda mjini kwenye kiduka cha kompyuta na fotokopi, ambako wanaandikia wanafunzi maombi ya chuo. Yule dada wa mwaka wa pili alinisindikiza. Aliisoma karatasi tukiwa kwenye foleni, akanigeukia.

“We, uko na akili kweli? Famasia, na hizi pointi?”

“Hiyo ni ya mgeni.”

“Ya mugeni! Huyo mugeni ndiye atakukalia mutihani?” Akanipokonya kalamu. “Futa. Futa ata hiyo moja, uweke ualimu. Ni nani atajua?”

Nikamwambia baba ameitoa mbele ya watu. Nyumbani kwetu neno la baba likitoka mbele ya watu halirudi ndani. Ndivyo nilivyolelewa. Akaniambia mimi ni mjinga. Sikukasirika, sikuwa na nguvu ya kukasirika. Zamu yangu ilipofika nikampa mwenye kiduka karatasi kama ilivyo, akabonyeza, mashine ikakubali, tukatoka juani.

Majibu yalipokuja sikuwa nimepata hata moja kati ya zile tano. Waliniweka fizikia. Somo lililonipa pointi chache kuliko yote, tangu siku ya kwanza nilipokutana nalo. Msichana niliyekaa naye benchi moja shuleni, ambaye pointi zake zilikuwa chini ya zangu kidogo, alichukuliwa chuo cha walimu. Alikuwa amekiweka nafasi ya pili. Alinipigia simu kwa furaha, nami nikamwambia hongera, na nilikuwa namaanisha, kadiri mtu anavyoweza kumaanisha akiwa amekufa ganzi.

Baba mkubwa alipopigiwa alisema fizikia si mbaya, nayo ni sayansi. Shangazi alilia kwenye simu mpaka mama akaanza kumbembeleza yeye. Mimi nikaenda kupika, maana watu lazima wale.

Jumamosi moja, siku chache kabla sijaanza chuo, nilimpelekea baba chai. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya watoto. Alichukua kikombe bila kuinua macho, akasahihisha moja, akasahihisha lingine, kisha akaweka kalamu chini.

“Mwanangu. Kwa nini hukuandika ile yako?”

Sikuelewa. “Ipi, baba?”

“Ile ya ualimu. Mi nilifikiri ukifika kule mjini utaandika yako.”

“Si wewe uliyesema nafasi ni ya mgeni?”

“Mbele ya watu!” alisema, na nilimwona anashangaa, anashangaa kweli. “Mbele ya watu ningesema nini? Kaka yangu amekaa pale, mugeni amekaa pale. Pale tulikuwa tunapeana heshima. Lakini kule kwenye kompyuta ulikuwa peke yako, mwanangu. Nani alikushika mukono?”

Nilichukua sinia mezani.

“Kila mutu anabadilisha,” alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto wa darasa la kwanza. “Nilipomaliza shule ya musingi, babu yako mi alinipa ufundi wa magari. Kikao kizima kilipiga makofi, na mi nikapiga. Nikafika kule kwa kujiandikisha, nikaandika ualimu. Alikasirika wiki moja, ikapita.”

Akachukua kalamu, akavuta daftari lingine. Nilisimama pale na sinia tupu, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke nilihisi kitu, nacho kilikuwa hasira, ya moto, mpaka masikio yakawaka. Amefundisha watoto wa watu miaka yote hii. Mimi, wa kwake, alinifundisha kutii tu, na katika hilo nilifaulu vizuri.