Udongo wa Moto kule Lukafu

Likizo iliyopita kambo, mama wa baba yangu, alinipeleka Lukafu kunionyesha kaburi la bwana yake. Alisema magoti yake hayatamrudisha tena huko, kwa hiyo lazima mimi nishike mahali pale kichwani.

Kaburi lilikuwa chini ya mti wa mupundu, katikati ya pori. Lakini pori lenyewe hatukulikuta. Tulikuta visiki, majani marefu na kimya. Hata ndege hakuna. Watu wamekata yote kwa makala, makaa yale yale tunayopikia hapa mjini Kamalondo.

Kambo alizunguka mpaka akaona tuta refu la udongo. Akapiga magoti, akapiga makofi polepole, kama anavyosalimia wakubwa.

"Bwana yangu mudogo," akaniita kwa utani wake, maana kwetu mjukuu wa kiume ni bwana wa kambo, "kuya usalimie mwenzako. Ao unamuonea haya naye?"

Nikaweka mkono juu ya tuta. Lilikuwa na joto. Pembeni, kwenye ufa, moshi mwembamba ulikuwa unatoka. Ndipo nikaelewa: lilikuwa tanuru la makala, miti imefukiwa inaungua chini. Nikashindwa kumwambia hivyo.

"Kambo, udongo iko moto."

Kambo naye akaweka mkono wake pale, akauacha muda mrefu.

"Basi hajalala," akasema. "Angalia muzuri. Nikikufa, utaleta batoto bako hapa."

Nilikubali kwa kichwa. Kisha nikatafuta kitu cha kunikumbusha mahali pale, na mpaka mwisho wa macho hapakuwa na mti hata mmoja uliosimama.