Vumbi Jekundu la Kilima cha Tatu

Kwa miaka kumi na tisa fundi baiskeli amekuwa akiwaelekeza watu njia ya vilima vitatu. Cha kwanza usikivamie, huwaambia huku akikaza spoki. Cha pili, breki ziguse kidogo kidogo. Cha tatu, ukifika kileleni utakuta jiwe bapa. Kaa upumzike, utauona mto. Watu humsikiliza kwa adabu zote. Jambo moja tu hakuwaambia: hajakanyaga huko hata siku moja. Yote aliyaokota kwa wateja, akayapanga vizuri, yakawa yake.

Alipotimiza miaka hamsini uongo huo ukaanza kumkera. Akamwambia mkewe kwamba Jumapili anakwenda, peke yake, na hakuna kilima ambapo atashuka kwenye baiskeli aisukume. Mkewe alimtazama kitambi, kisha akamwambia aage vizuri.

Akaenda kweli. Kilima cha kwanza kilimtoa jasho mpaka kisogoni, ila hakushuka. Lakini mteremko wake, jamani! Upepo ulimjaa shatini, machozi yakamtoka, mbuzi wakampisha, na mtu mzima akajikuta anacheka peke yake barabarani. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimpungia, naye akaachia usukani mkono mmoja kuwajibu, jambo analowakataza wateja kila siku. Furaha ilimpanda kichwani. Kwa nini alikuwa amejinyima raha hii miaka yote? Cha pili alikipanda akiwa anaimba, na mbele ya nyimbo zake hata mbwa wa njiani walinyamaza.

Chini kabisa ya kilima cha tatu, tairi la nyuma likaisha upepo.

Hakubabaika. Alikuwa amebeba karakana nzima: spana za kila saizi, viraka, gundi, msasa. Akaziba tundu upesi, akanyoosha mkono wa kulia achukue pampu. Mkono ukashika hewa. Kibandani kwake pampu iko kulia siku zote, maana ameifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo, wateja wasije wakaondoka nayo. Na bado ilikuwa imefungwa huko huko. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Akaketi kando ya njia, amenywea. Kupanda kilima kile akisukuma baiskeli, bora angebaki nyumbani na uongo wake.

Hapo akatokea muuza maziwa, mteja wake wa siku nyingi, anashuka na madumu matupu. Kwenye baiskeli yake pampu ilikuwa imefungwa kwa mpira tu. Alisema aliinunua siku ile fundi alipomnyima ya kwake. Fundi akajaza upepo akiwa ameinamisha macho, na alipomaliza akaona hawezi tena kukaa na siri yake moyoni.

"Ndugu yangu, huku sijawahi kupita."

"Tunajua, fundi. Vumbi la huku ni jekundu, likishika tairi halitoki wiki nzima. Matairi yako ni meusi mwaka mzima."

"Mbona hamkuniambia?"

"Maelekezo yalikuwa mazuri. Isipokuwa hilo jiwe. Utaliona mwenyewe."

Akapanda. Kifua kilimwaka, magoti yakalalamika, mara mbili baiskeli ilitaka kusimama, mara mbili akaikatalia. Hakushuka. Kileleni alilikuta jiwe, la mviringo kabisa. Alipojaribu kulikalia aliteleza, akaanguka chini kwa makalio. Akabaki hapo hapo kwenye vumbi akicheka, na mbele yake mto uling'aa, mrefu na mweupe, mzuri kupita alivyokuwa akiusimulia.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni. Akaona baiskeli ilivyochafuka, akaenda kuleta ndoo na kitambaa. Fundi akamshika mkono.

"Iache hivyo hivyo, mama. Kesho kuna wateja."