Gari Jekundu la Himbi

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa kijana wa kuoa. Marehemu baba aliniachia kamioneti kuukuu, gari dogo la mizigo, nami niliitumia kubeba kabichi na viazi kutoka kwetu Kibumba hadi sokoni Goma. Kila Jumapili ilimpeleka mama misani, maana miguu yake ilikuwa imevimba, haimbebi tena.

Nikaona aibu kumpeleka bibi arusi kanisani kwa gari lenye harufu ya kabichi. Huko Himbi, mtaa wa matajiri mjini Goma, alikaa mfanyabiashara mwenye gari jekundu la mbio, la viti viwili, tumbo karibu kugusa chini. Alikubali kunikodishia kwa siku mbili. Bei niliiweza; dhamana ndiyo iliyonishinda. Basi nikamwachia kamioneti, pamoja na ufunguo na karatasi zake.

Muzee Kambale, fundi wetu na rafiki wa baba, alinizuia njiani nikiipeleka.

"Mutoto, ile unailipa ili watu wakuone," aliniambia. "Hii inakubeba hata kama hakuna mutu anakuona."

Nilicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kijana gani huamini kwamba guu hilo ni lake?

Arusi ilipendeza, sikatai. Siku ya kulirudisha, jiwe la volkano likalitoboa tumbo, mafuta yakamwagika, injini ikakwama. Mwenye gari hakunigombeza. Alisema tu kwamba kamioneti itabaki uani kwake mpaka kipuri kifike kutoka ng'ambo.

Kabla kipuri hakijafika, vita vikafika. Asubuhi ile nilikuwa Goma, mama yuko Kibumba, tukasikia kwamba watu wa Kibumba wanakimbia. Nilikwenda Himbi mbio kuomba kamioneti kwa siku ile moja tu. Mlinzi akaniambia bwana wake amekwisha kuvuka mpaka, amepakia jamaa na magodoro ndani ya kamioneti yangu. Gari jekundu lilikuwa pale uani, limeinuliwa juu ya mawe. Hata mwenye mali halikumfaa kitu.

Nikashika barabara ya Rutshuru kuelekea Kibumba kwa miguu, nikipishana na wakimbizi. Mama nilimkuta kando ya njia, amekaa juu ya mzigo. Majirani walikuwa wamemsukuma kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka gurudumu la mbao likapasuka.

"Kamioneti iko wapi?" aliniuliza.

"Iliharibika, mama."

"Pole, mutoto wangu."

Yeye ndiye aliyenipa pole. Nilimbeba mgongoni hadi Goma, mvua ikitunyeshea. Siku ya nne, katika darasa la shule lililojaa wakimbizi, kifua kikamuua. Sikuwa nimemwambia ukweli.

Sikukatazi kukodi, mwanangu, wala sikusifii kumiliki. Wazee walisema cha kuazima hakisitiri matako. Ukikodi fahari, uliza kwanza unaweka nini rehani. Ukiinunua, uliza kama barabara za kwenu zitaikubali, na siku ya kukimbia itambeba nani. Kile kinyonge kinachowabeba wazee wako usikitoe mkononi kwa ajili ya macho ya watu. Na ukikosa, tubu kwa uliyemkosea angali anasikia. Kaburini nimesema mara nyingi, sijajibiwa.

Mungu akutangulie njiani, akupe kinachokutosha, na awajalie wazazi wako kufia kitandani mwao, wewe ukiwa umewashika mkono.